Yesu Hakuuliza Kama Mfungwa Ana Hatia



Leo twende mbali kidogo, mpaka pwani ya Taean, Korea Kusini. Ni tarehe 7 Desemba 2007. Meli ya mafuta iitwayo Hebei Spirit imetia nanga, haiendi popote. Bahari imechafuka. Jirani yake linapita tishari kubwa lenye kreni, linavutwa na boti. Waya wa kuvutia unakatika. Tishari linakwenda mrama, linaigonga ile meli na kutoboa matangi yake. Zaidi ya tani 10,000 za mafuta ghafi zinamwagika baharini.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mvuvi wa pale. Chaza zimeharibika, fukwe nyeusi tii, na ada ya shule hujui itatoka wapi. Watu zaidi ya milioni moja walijitolea kwenda kusafisha fukwe zile, wengine wakifuta jiwe moja moja kwa matambara. Kwa hiyo hasira ya watu ilikuwa ya haki kabisa. Tusiidharau.

Lakini hasira ikishawaka hutafuta mtu. Nahodha wa meli, Jasprit Chawla, na ofisa wake mkuu, Syam Chetan, raia wa India, wakazuiwa kuondoka nchini. Kesi ikaenda. Juni 2008 mahakama ikawaachia huru. Unadhani walipanda ndege kurudi kwao? Hapana. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, nao wakaendelea kuzuiwa. Desemba 2008 mahakama ya rufaa ikawatia hatiani: nahodha jela miezi 18, mwenzake miezi 8. Januari wakatoka kwa dhamana. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya nchi ile ikatengua vifungo, na Juni ndipo wakarudi kwao. Piga hesabu mwenyewe: mwaka mmoja na nusu tangu ajali.

Kilichonigusa ni hiki. Mahakama zenyewe hazikukubaliana. Hata mwisho, kifungo kilifutwa lakini faini ilibaki. Sasa mimi na wewe, tukiwa tumekaa na simu mkononi, tungejuaje nani ana kosa na kiasi gani? Na bado, habari kama hiyo ikitokea leo, ndani ya dakika tano tumeshakomenti: "Wafungwe hao!" Tumeshahukumu, tumeshashea, tumeshasahau. Wao wanabaki kule.

Fungua Biblia yako, kitabu cha Yona, sura ya kwanza. Dhoruba imekuja, mabaharia wanataka kujua nani kaleta balaa. Wanapiga kura, inamwangukia Yona. Na Yona hakatai! Anakiri kabisa kwamba ni kwa sababu yake, anawaambia wamtupe baharini. Kesi imekwisha, si ndiyo? Soma mstari wa 13 uone walichofanya. Walishika makasia wakavuta kwa nguvu wapate kumrudisha pwani. Mtu mwenye kosa, aliyekiri, nao wanahangaika kumwokoa! Na walipozidiwa na bahari, kabla ya kumtupa walimlilia Mungu, wakiogopa wasije wakahesabiwa damu ya mtu. Na hawa ni watu ambao hawakuwa hata wanamjua Mungu wa Israeli. Mimi Mkristo niliyebatizwa na kuimarishwa, nimewahi kumvutia mtu kasia hata mara moja?

Sasa nenda Mathayo 25. Bwana wetu anasema alikuwa gerezani, na kuna waliomwendea na wasiomwendea. Angalia vizuri: hakusema alikuwa gerezani kwa kuonewa. Hakuweka sharti kwamba kwanza mthibitishe kuwa sina kosa. Mwenye njaa hatuulizi kwa nini ana njaa, tunampa ugali. Mgonjwa hatumwulizi alijitakia au la, tunampelekea uji. Kwa nini mfungwa peke yake tunamfanyia usaili?

Kumkumbuka mfungwa hakufuti kosa, wala hakumnyimi haki mvuvi aliyeharibiwa bahari yake. Haki na huruma hazigombani. Hata mashirika ya dunia yameliona hili: mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Kimataifa la Bahari yalitoa mwongozo wa kuwatendea haki mabaharia baada ya ajali, ili uchunguzi ufanyike bila kuwashikilia watu kuliko inavyohitajika.

Na Kanisa Mama halikukaa kimya. Tangu mwaka 1920, kule Glasgow, ulianza Utume wa Bahari, ambao leo unaitwa Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, jina la Mama yetu Maria. Mapadre na walei wake huenda bandarini, hupanda melini, humsikiliza baharia wa dini yoyote, humsaidia awasiliane na nyumbani. Na kila Dominika ya pili ya Julai tunawaombea mabaharia. Je, parokiani kwenu mnaijua siku hiyo? Vijana wetu nao wanasomea ubaharia pale Dar es Salaam. Kesho anaweza kuwa kaka yako aliyekwama nchi ya watu, hajui lugha, hajui lini.

Lakini si lazima uende bandarini. Mtaani kwenu kuna kijana wa bodaboda aliyegonga mtu, yuko mahabusu. Familia ya majeruhi tulienda kuiona, na tulifanya vema. Je, nyumbani kwa mama yake yule dereva nani alibisha hodi? Au jumuiya nzima inapita mbali, kana kwamba aibu inaambukiza?

Azimio letu la wiki hii liwe dogo na la kweli. Moja: kabla hujakomenti habari ya mtuhumiwa, sema kwanza "Salamu Maria" moja kwa ajili yake na nyingine kwa walioumia. Mbili: tafuta familia moja yenye mtu kizuizini, ukawasalimie. Usiulize kesi. Kaa, kunywa chai, sikiliza.

Tuombe. Ee Maria, Nyota ya Bahari, uwaangalie mabaharia wote waliozuiliwa mbali na nyumba zao. Uwafariji wake zao na watoto wanaohesabu siku. Uwatie moyo wavuvi walioharibiwa kazi yao. Nasi utuombee kwa Mwanao, atupe moyo wa kuvuta kasia badala ya kunyosha kidole. Amina.