Wakumbukeni Marehemu Wenu kwa Tendo la Huruma



Sisi makatekista tunapowaandaa wachumba kwa sakramenti ya ndoa, huwafundisha juu ya umoja, uaminifu, malezi ya watoto na matumizi ya fedha. Kuna somo moja ambalo mara nyingi halipati nafasi, nalo ni hili: bwana na bibi watafanya nini siku watakapofiwa? Kifo hakibishi hodi. Leo ni baba mzazi wa bwana, kesho ni mama mzazi wa bibi, na wengine, kwa uchungu usioelezeka, wanamzika mtoto wao wenyewe.

Siku za matanga zina uchungu, lakini angalau watu wapo. Jumuiya ndogo ndogo inakuja kusali rozari, majirani wanaleta kuni, maji na sukari, na ndugu wanachanga. Ugumu mwingine unaanza baada ya mahema na viti kurudishwa kwa wenyewe. Nyumba inanyamaza, na ninyi wawili mnabaki mkitazamana. Bibi analia usiku. Bwana, ambaye tangu utotoni aliambiwa kwamba mwanamume halii, anaanza kurudi nyumbani saa nne za usiku, na pengine ananuka pombe. Bibi anasema moyoni, "Huyu hana uchungu." Bwana naye anasema moyoni, "Huyu hataki kunyamaza ili na mimi nipumzike." Kumbe wote wawili wanalia, ila kila mmoja analia upande wake. Ziko nyumba zinazovunjika si kwa sababu ya ulevi wala ya mtu wa tatu, bali kwa sababu ya kaburi ambalo hakuna anayethubutu kulitaja.

Nawaomba leo mjaribu dawa ya zamani sana katika Kanisa. Mkumbukeni marehemu wenu kwa kumtendea wema mtu mwingine aliye hai, hata kama hamumjui, bila kutazamia malipo. Tena mfanye hivyo pamoja, bwana na bibi.

KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Pengine utauliza, "Katekista, je, haitoshi kutoa nia ya Misa?" Misa ndiyo sala kubwa kuliko zote, na hakuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi yake. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 1032, baada ya kutaja Ekaristi inatuhimiza pia kutoa sadaka kwa maskini, kupata rehema na kufanya matendo ya toba kwa ajili ya marehemu. Maana yake ni kwamba paketi ya unga unayompa jirani mwenye njaa, ukiitoa kwa imani na kwa ajili ya mama yako aliyetangulia, inakuwa sala.

Maandiko Matakatifu nayo yanatufundisha. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda Makabayo alichangisha watu wake drakma kama 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Hakuona kwamba kazi yake imekwisha baada ya kuwazika.

Tazameni pia Kitabu cha Rutu, sura ya 2. Naomi alikuwa amefiwa na mume na wana wake wawili. Mkwewe Rutu alikwenda kuokota masuke katika shamba la Boazi, akarudi jioni na shayiri nyingi. Naomi alipoambiwa jina la mwenye shamba, alimbariki, akaona katika jambo lile fadhili kwa walio hai na kwa waliokufa pia. Fikirini neno hilo. Shayiri ililiwa na wajane wawili walio hai, wala marehemu hakuonja hata punje. Lakini machoni pa Naomi, mume wake na wanawe walikuwa wamekumbukwa.

MFANO WA WAZAZI WALIOFIWA

Pengine mtasema kwamba hayo ni ya zamani za Biblia. Basi tazameni watu wa ndoa kama ninyi. Katika mji wa Alençon, Ufaransa, Louis Martin alikuwa fundi wa saa, na mke wake Zélie alikuwa na biashara ya kutengeneza lesi. Walifunga ndoa mwaka 1858, wakajaliwa watoto 9. Wanne kati yao walifariki kati ya mwaka 1867 na 1870: watatu wakiwa wachanga, na mmoja, Hélène, akiwa na miaka 5. Misiba minne katika nyumba moja!

Hata hivyo wazazi hao waliendelea kujulikana kwa huruma yao kwa maskini. Inasimuliwa kwamba siku moja Louis alimkuta kituoni mwa treni mtu mwenye kifafa, hana chakula wala nauli ya kumrudisha kwao. Louis alivua kofia yake, akatia pesa ndani, akawaendea abiria mmoja mmoja mpaka nauli ikatimia. Mwanamume yule, aliyewazika watoto wake, hakuona haya kuombaomba kwa ajili ya mtu asiye wa ukoo wake. Binti yao wa mwisho ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, wote wawili pamoja, kama walivyoishi.

TUANZEJE NYUMBANI?

Tuchukue mfano wa bwana na bibi ambao mimba yao iliharibika, au mtoto wao alifariki siku aliyozaliwa. Labda hakuwahi kubatizwa. Kanisa linamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, kama Katekisimu isemavyo katika namba 1261, nasi tuna haki ya kuwa na matumaini. Lakini mtoto huyo mara nyingi hana msalaba kaburini, hana picha ukutani, na ndugu hawamhesabu wakiulizwa una watoto wangapi. Mama yake anaikumbuka tarehe ile kila mwaka. Baba naye anaikumbuka, ila anadhani kwamba akiitaja atamwumiza mkewe. Basi miaka inapita, wote wawili wanajua, na wote wawili wananyamaza.

Bwana, safari hii uanze wewe. Tarehe inapokaribia, mwambie mwenzako, "Mama watoto, wiki ijayo ni ile siku yetu. Tufanye nini kwa ajili ya mtoto wetu?" Nunueni sabuni, nepi chache za kitambaa na blanketi dogo. Nendeni katika wodi ya akina mama ya hospitali iliyo karibu, mumwulize muuguzi, "Ni nani hapa amejifungua na hana mtu wa kumletea nguo?" Mkabidhini mama huyo, mumpe pole na hongera, mwende zenu. Akiwauliza sababu, jibuni kwa kifupi, "Na sisi tulikuwa na mtoto. Utuombee sisi wazazi wake." Mkiwa ndani ya matatu mkirudi nyumbani, pengine mtazungumza juu ya mtoto wenu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mkilia, lieni. Safari hii mtakuwa mnalia pamoja.

MASHAURI MATANO

Kwanza, chagueni tendo linalomfaa marehemu wenu. Kama mama yenu hakukubali mgeni aondoke bila chai, mpelekeeni chai ya moto na mkate askari wa usiku anayetetemeka kwa baridi getini. Kama baba alikuwa mwalimu, mnunulieni daftari na kalamu mtoto ambaye hufukuzwa darasani kwa kukosa vitu hivyo. Kama marehemu aliugua muda mrefu, pelekeni uji kwa mgonjwa asiye na wa kumtembelea, au mlipieni mtu dawa ambayo ameiandikiwa na hana uwezo wa kuinunua.

Pili, kubalianeni juu ya pesa. Bibi asichukue pesa za chakula kwa siri, wala bwana asitoe karo ya watoto ili asifiwe kwa ukarimu. Sadaka inayoleta ugomvi nyumbani imepoteza baraka zake. Shilingi 100 inatosha kuanzia. Na asiye na hata hiyo, anaweza kumtekea bibi kizee maji, kumpisha mama mjamzito kiti, au kumshika mkono kipofu mpaka avuke barabara. Yesu aliisifu senti ya mjane kuliko fedha za matajiri.

Tatu, wakumbukeni marehemu wa pande zote mbili. Katika nyumba nyingi, wazee wa upande wa bwana ndio wanaofanyiwa kumbukumbu, na wa upande wa bibi wanasahauliwa kana kwamba hakuzaliwa na mtu. Bwana, mtendee mtu wema kwa ajili ya mama mkwe wako. Bibi, pengine mama wa bwana wako hakukupokea vizuri ulipoolewa, na alifariki kabla hamjapatana. Ukimpa mwanamke mzee leso au kilo ya sukari kwa ajili ya roho yake, tendo hilo ni sadaka na ni msamaha pia. Marehemu waliotukosea ndio pengine wanaohitaji zaidi maombi yetu.

Nne, msijionyeshe. Bwana wetu alituonya katika Mathayo sura ya 6 kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyacho mkono wa kulia. Hakuna haja ya kumpiga maskini picha kwa simu na kuitawanya. Mnaweza tu kumwomba aliyepokea, "Mwombee marehemu baba yetu," na kumtajia jina lake la ubatizo. Kwa njia hiyo mtu ambaye hakumjua baba yenu atamwombea jioni.

Tano, washirikisheni watoto. Mtoto abebe yeye ule mkate wa askari. Mwelezeni, "Hivi ndivyo nyanya yako alivyokuwa." Mtoto aliyezaliwa baada ya nyanya kufariki hawezi kumjua kwa picha peke yake, lakini atamjua kwa wema ambao ameufanya kwa mikono yake.

HURUMA HAIONDOI HAKI

Kabla ya kumaliza, nina onyo. Kuna watu wanaofanya kumbukumbu kubwa ya ndugu yao, wanakodi mahema, wanachinja fahali, na wanakopa pesa ambazo watazilipa miaka miwili. Lakini mjane wa ndugu huyo huyo wamemfukuza shambani, na watoto wake hawasomi. Ndugu zangu, kumbukumbu ya namna hiyo haimpendezi Mungu. Huwezi kumpa mgeni mkate kwa jina la ndugu yako, huku umemnyang'anya mjane wake shamba. Nabii Isaya, katika sura ya 1, anatuagiza kwanza tutende haki, tumtetee yatima na mjane. Vilevile, kama marehemu aliacha deni dukani au kwa jirani, kulilipa deni hilo ni tendo bora la kumkumbuka. Aliyekuwa akimdai marehemu, naye ana watoto wa kulisha.

Tena msifikiri kwamba tendo la huruma litaondoa uchungu wote siku moja. Sisemi hivyo. Uchungu wa kufiwa unakuja na kuondoka kama mvua. Na kama mmoja wenu hali chakula, hapati usingizi, au anasema hataki kuishi tena, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa daktari na kwa padre. Ninachosema ni kwamba mkilifanya tendo hilo pamoja, huzuni iliyokuwa inawatenganisha inaweza kuanza kuwaunganisha.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Petro alipofika Yopa baada ya kifo cha Dorkasi, wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo mama yule aliwashonea alipokuwa hai. Walilia wakiwa wameshika wema wake mikononi. Ninyi pia mnaweza kuuendeleza wema wa mtu wenu, ili usiishie siku aliyozikwa. Msingoje tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote. Anzeni wiki hii.

MASWALI YA KUJADILIANA, BWANA NA BIBI

1. Ni marehemu yupi katika nyumba yetu ambaye hatumtaji, na kwa nini?

2. Ni wema gani aliokuwa nao ambao tungependa watoto wetu waurithi?

3. Je, kuna mjane, yatima au deni la marehemu ambalo tunapaswa kulishughulikia kwanza?

4. Ni nani, karibu nasi, tutakayemtendea wema kabla ya Jumapili ijayo?

Zungumzeni bila haraka, watoto wakishalala. Kisha salini pamoja Baba Yetu moja kwa ajili ya marehemu mliyemtaja. Mungu awape marehemu wenu pumziko, na azibariki ndoa zenu.