Bei ya Neno

Kijana wa Mjimwema, Songea, aweza kuuliza: je, ni halali kusajili neno "mahindi" kuwa anwani ya intaneti, kisha kumngojea mnunuzi? Mwaka 2019 anwani ya voice.com iliuzwa dola milioni 30, kwa kuwa ni neno fupi, rahisi kuandikwa, tena likitakiwa na wenye mali. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza kuhodhi chakula ili bei ipande. Lakini aliyefunga ghala huwanyima watu riziki. Mwenye anwani, ambayo kwa kweli huikodi tu kwa ada, hamzuii mkulima kuuza mahindi yake. Ila akisajili jina la duka la jirani ili amtoze fedha, huyo amenyang'anya sifa ya mwenziwe, hata kama stakabadhi ya usajili anayo mkononi.