Huruma Inayokaa

Huruma katika utumishi wa kiroho huanza kwa uchungu, lakini uchungu peke yake hautoshi. Mtu aweza kumwonea uchungu mpagazi aliyeanguka njiani, akamwachia kibuyu cha maji, kisha akaufuata msafara wake. Dini mbili kubwa za Tabora zinadai zaidi ya hapo. Sura 113 kati ya 114 za Kurani hufunguliwa kwa kumtaja Mungu kwa rehema yake, na neno hilo lina shina moja na neno la Kiarabu la tumbo la uzazi: rehema ya mama, isiyochagua saa. Katika Injili ya Luka, Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Ahadi hiyo ya kurudi ndiyo ambayo mahubiri mengi huiruka.

Unyanyembe, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Manispaa ya Tabora, ililipima jambo hili kwa ukali katika karne ya 19. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo: moja ikashika magharibi kuelekea Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, kilo 30 na ushei. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliouzwa.

Mapadre Weupe, shirika la kimisionari la Kikatoliki lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walifika Tabora mwaka 1878, na baadaye wakawa na kituo huko Kipalapala, karibu na Tabora, cha kulelea watoto waliokombolewa kwa kununuliwa. Hapa huruma inaingia kwenye tope. Anayelipa fidia humwokoa mtoto mmoja, lakini fedha yake humfikia muuza watu. Tena mtoto hakuulizwa kama anataka kulelewa misheni, wala kama anataka dini ya waliomnunua. Nia njema haifuti swali hilo. Huruma isiyomwachia mtu nafasi ya kuwa na neno lake mwenyewe hukaribia kuwa umiliki mwingine, wenye sauti laini. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1889, katika siku za uadui na Mtemi Isike wa Unyanyembe.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa mtu aliyeyajua mambo hayo kwa mwili wake. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, kisha akanunuliwa na Mapadre Weupe huko Algeria. Lavigerie alitaka vijana wa Kiafrika wasomee udaktari bila kufanywa mapadre, waoe na kuishi kati ya watu. Atiman alisoma Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa 1889, akiwa daktari na katekista kwa pamoja. Alioa hukohuko, na mwanawe Joseph alipata upadre mwaka 1923.

Kuunganisha dawa na katekisimu kuna hatari yake: tiba inaweza kugeuka chambo. Kipimo ni rahisi kukitaja, kigumu kukitimiza: asiyebatizwa apate dawa ileile, kwa mkono uleule, hata ikijulikana kwamba hatabatizwa kamwe. Kipimo kingine ni kujifunza kwa anayehudumiwa. Atiman alitumia tiba ya Ulaya pamoja na mitishamba ya wenyeji, jambo ambalo wageni wengi wa zama zake waliliona ushirikina. Mhudumu asiyekubali kufundishwa na mgonjwa wake hutoa msaada, tena pengine msaada mzuri, lakini hubaki amesimama juu yake.

Wamisionari wengi walikuja ukanda huo, wakaugua, wakahamishwa au wakafa mapema. Atiman alipofariki mwaka 1956, alikuwa amewatibu watu wa Karema kwa miaka 67.