Samaki wa Jirani

Friza mbovu haifi kimya. Kwanza hunguruma mfululizo bila kupumzika, maana gesi imepungua, au mpira wa mlango umelegea na baridi inavuja, kompresa ikawa haipati nafasi ya kuzima. Nyingine hukwaruza: barafu imejaa nyuma na panga za feni zinaikwangua kila zinapozunguka. Mbaya zaidi ni ile ya "tik", kimya, dakika chache, kisha "tik" tena. Hapo kompresa inajaribu kuwaka na inashindwa, ama rilei imeungua, ama umeme umefika mdogo. Katika nyumba za ghorofa za Kikwajuni, Zanzibar, zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, sauti hiyo haina siri. Watu wakishalala, mngurumo wa jikoni kwa fulani huwa wa ngazi nzima.

Tuseme friza ni ya mama mmoja wa ghorofa ya pili, anayewauzia watoto wa skuli barafu za ukwaju na ubuyu. Ndani hamna barafu tu. Yumo nguru wa jirani wa kushoto, aliyenunuliwa sokoni Darajani siku bei iliposhuka. Yumo pweza wa shughuli ya Ijumaa. Limo na kopo la tui la mtu wa juu. Hakuna anayelipa hata senti. Kila mmoja alipiga hodi akasema, "Mama, naomba uniwekee," naye akajibu, "Lete, mwanangu." Siku ya nane ya mngurumo friza inanyamaza, na alfajiri maji yametiririka hadi mlangoni. Nguru ananuka.

Nani alipe?

Barazani jibu la kwanza huwa tayari: kudra ya Mungu. Jibu hilo lisidharauliwe, kwani Unguja inajua maana yake. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi. Desemba 2009 ukakatika tena na haukurudi hadi Machi 2010. Waya wa chini ya bahari ulioleta umeme huo kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulikuwa umelazwa mwaka 1980. Mpya, wa megawati 100, haukuja hadi 2013. Miezi ile kila aliyekuwa na friza bila jenereta aligawa samaki wake au aliwatupa, na aliyewekewa hakudaiwa. Angedaiwaje, na mdai mwenyewe friza yake imegeuka kabati la nguo?

Lakini friza moja kufa katika jengo lenye umeme ni habari nyingine.

Waislamu wengi wa Zanzibar hufuata madhehebu ya Shafi, na katika fikihi yake kitu ulichowekewa ukitunze ni amana. Mkono wa aliyewekewa ni mkono wa kuaminiwa: kitu kikiharibika halipi, ila awe amekitumia kinyume cha idhini au amefanya taksiri, yaani uzembe, katika kukitunza. Hekima yake haihitaji kitabu kuifahamu. Huyu anafanya hisani. Akibebeshwa hasara, kesho hatapatikana mtu wa kumwekea mwenzake hata kipande cha papa. Basi mas'ala yote yananing'inia kwenye neno moja, taksiri. Kusikia mngurumo siku nane na kuendelea kusema "lete, mwanangu", je, ni taksiri? (Kwa kadhi shauri hili halina njia, mahakama zake Zanzibar ni za ndoa, talaka, mirathi na mengine ya kifamilia. Litaishia barazani, likizidi litafika kwa sheha.)

Mtu aliyeliona swali hili kwa jicho kali aliishi mbali na Kikwajuni. William Clifford, mwanahisabati wa London, aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli kuukuu aliyekuwa na wasiwasi nayo. Badala ya kuiitia mafundi, aliusukuma wasiwasi kando, akajituliza kwamba imeshavuka dhoruba nyingi na Mungu atawalinda abiria wake. Meli ikazama. Clifford anashikilia kwamba mtu huyo ana hatia ingawa aliamini kwa moyo safi kuwa meli ni nzima, kwa sababu imani ile hakuichuma kwa uchunguzi, aliichuma kwa kuziba masikio. Tena anaongeza: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile.

Zanzibar haihitaji kukopa meli London. Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imepakia watu kupita uwezo wake. Neno kudra lilitamkwa kila nyumba, na lilikuwa neno la faraja kwa waliofiwa. Faraja hiyo haikuwazuia watu kuuliza nani aliiruhusu iondoke.

Kwenye meli iliyofika salama ndipo fikihi na Clifford wanapoachana. Fikihi hutenga mambo mawili, dhambi na dhamana, yaani wajibu wa kulipa. Mama wa ghorofa ya pili, friza ikipona yenyewe na nguru akatoka mgumu kama jiwe, hana cha kulipa. Kama moyoni alijua anahatarisha mali ya mtu, hilo ni baina yake na Mola wake. Clifford haoni tofauti. Mpangilio wa fikihi unafaa zaidi ghorofani, kwani ukianza kuwadai watu hatia ya hasara ambazo hazikutokea, baraza halitafungwa mpaka Magharibi.

Lakini mngurumo umemwondolea mama neno "sikujua". Haumlazimishi kununua kompresa mpya. Pengine faida ya barafu za mwezi mzima haifiki bei yake, na ufukara si taksiri. Unamlazimisha jambo lisilo na gharama, kugonga milango mitatu na kusema, "Friza yangu inalia, chukueni vitu vyenu." Asiposema, ndipo anapoingia lawamani.

Na kusema kunazidi uzito umeme unapocheza. Friza huzima usiku, huyeyuka, huwaka tena, na asubuhi kila kitu kimeganda kana kwamba hakuna lililotokea. Nguru, jodari na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Kipimo ni rahisi: gandisha maji kwenye gilasi, weka sarafu ya shilingi mia juu ya barafu, iache mle. Siku utakayoikuta sarafu imezama na barafu imeifunika, samaki wameyeyuka bila wewe kujua. Mama akishaiona sarafu chini, akamrudishia jirani nguru wake mkavu, mgumu, bila neno, amana imerudi na madhara ndani yake.

Kuna jambo baraza hulisahau, nalo ni la kumtetea mama. Jirani wa kushoto naye ana masikio. Ukuta ni mmoja, siku nane alilala akisikia mngurumo ule ule, wala hakuja kumchukua nguru wake. Alitegemea mama atajua la kufanya. Mama naye alitegemea kwamba mwenye wasiwasi angekuja. Ukipima kwa haki, nusu ya taksiri iko upande wa pili wa ukuta.

Fundi akiitwa mapema, huenda akagundua si kompresa, ni barafu iliyobana feni tu. Izimwe, iachwe wazi siku nzima iyeyuke. Pweza na kopo la tui vinapandishwa ghorofa ya tatu, kwa mtu mwingine, amana mpya. Kinachobaki chini kabisa, kimeshikana na bati, ni kifurushi cha vibua kilichofungwa kwa uzi mwekundu, na milango yote mitatu ikigongwa kila mmoja anasema si chake.