Nani Atarudisha Besi?

Chomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye sabufa, tundu ileile ya AUX ambayo vijana wanachomeka simu, kisha weka santuri ya Shirati Jazz. Utasikia kitu, lakini si benga. Gitaa la solo linalia kama mbu nje ya chandarua, sauti ya D.O. Misiani imekonda, na besi, ambayo kwenye benga ndiyo inayowainua watu vitini, haipo. Ongeza sauti mpaka mwisho, bado utadhani muziki unapigwa nyumba ya tatu.

Hapa Mwanza nimesikia wengi wakisema basi, santuri imekufa. Haijafa. Kilichokosekana ni priampu, kile kiboksi kinachokaa kati ya mashine na amplifaya.

Kazi yake ya kwanza ni nyepesi kuieleza. Katriji ya kawaida inatoa umeme wa milivolti 5 hivi, wakati AUX inasubiri mamia ya milivolti. Ni suala la nguvu tu. Kazi ya pili ndiyo inayonifikirisha. Muziki ulioko kwenye mifereji ya santuri umepindishwa makusudi. Fundi aliyeichonga alipunguza besi, kwa sababu besi kamili ingeiyumbisha sindano na kula nafasi yote. Akapandisha sauti nyembamba, ili zikishushwa wakati wa kusikiliza, mikwaruzo nayo ishuke. Mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kiliweka kipimo kimoja cha kupindisha huko, na dunia ikakifuata taratibu. Priampu inapindua kilichopinduliwa: kwenye hezi 20 inapandisha karibu desibeli 20, kwenye hezi 20,000 inashusha karibu kiasi hicho. (Na ule waya mwembamba wa ethi ufungwe kwenye skrubu yake, la sivyo mvumo wa umeme wa nyumbani utaimba na bendi.)

Kwa hiyo anayesema “mimi nataka sauti kama ilivyo, isiguswe” anapata sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipiga.

Hapo ndipo kazi yangu inapoingia. Mvuvi wa Mwaloni, pale Kirumba, ananieleza jinsi nyavu zake zilivyochomwa kwenye msako. Anachanganya Kiswahili na Kisukuma, r yake inatoka l, sentensi inaanza na kukatika, mkono unamalizia. Pale mwaloni hakuna anayecheka. Ni mtu mzima anaongea jambo zito. Nikiyaandika maneno yake herufi kwa herufi, “balabala” ikabaki “balabala”, msomaji wa Dar es Salaam atamwona mchekeshaji. Wapo wenzangu wanaouita huo uaminifu. Mimi naona ni santuri iliyochomekwa kwenye AUX: kila kilichoandikwa kimo, na mtu mwenyewe hayumo.

Ila ulinganisho huu una tundu, na si dogo. Aliyechonga santuri alipopunguza besi alijua kuna mtu mbele atakayeirudisha, na kwa kiasi gani. Walikubaliana bila kuonana. Mvuvi wangu hajakubaliana na mtu yeyote. Mimi ndiye ninayeamua kipi kilikuwa mkwaruzo na kipi kilikuwa yeye, na hakuna chama kilichonipa jedwali la desibeli.

Yuko karibu zaidi na santuri za zamani. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kampuni ya HMV, wakati kila kampuni inapindisha kwa namna yake. Ukimpitisha kwenye priampu ya leo, ile ya RIAA, sauti yake inaingia ukungu, kwa sababu mashine inashusha kitu ambacho hakikuwa kimepandishwa. Kifaa ni kizima, kipimo ni halali, na matokeo ni uongo. Anayetaka kumsikia Siti analazimika kuijua kampuni, mwaka, na zaidi ya yote kulijua koo la binadamu linavyosikika. Ndivyo ninavyomwelewa mwandishi anayeweka maneno ya kila mtu katika Kiswahili kimoja cha taarifa ya habari.

Kuna na kosa la kinyume. Mashine nyingi mpya zina priampu ndani yake. Ukisahau kuizima ukachomeka kwenye tundu ya PHONO, sauti inarekebishwa mara mbili: besi inafurika, muziki unapasuka. Magazetini ni jambo la kila siku. Mwandishi anasafisha, mhariri anasafisha tena, na “tunaumia” ya mvuvi inatoka asubuhi ikiwa “wavuvi walalamika”. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifanya kazi yake akidhani bado haijafanywa.

Mimi nimechagua njia ya polepole. Kabla sijaondoka mwaloni humsomea mtu sentensi zake nilivyoziandika. Wengine husema sawa tu, maana dagaa wanaanikwa na jua halisubiri. Mzee mmoja wa Igombe alisikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni, akasema nimeandika vizuri, ila niongeze kwamba zile nyavu alikuwa hajamaliza kuzilipia.