Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Mwezi huu twawaomba mfungue Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, msome tangu mstari wa 13 hata wa 17. Nanyi waalimu wa vijijini, wasomeeni wazee ambao macho yao yamepungua nguvu.

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa mavuno Daudi alikuwa amejificha penye pango la Adulamu, na Wafilisti walikuwa wameshika Bethlehemu, mji wa baba yake. Akaona kiu, akatamani maji ya kisima kilicho langoni pa mji ule. Hakutoa amri, alitamani tu, kama mtu wa kwetu aliye mbali anavyotamani mtori wa mama yake. Lakini watu watatu walimsikia. Wakapenya katikati ya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Naye akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa maana aliona kwamba kuyanywa ni kama kunywa damu ya watu wale waliohatarisha nafsi zao.

Tazameni jambo hili vema. Kwa macho, maji yale yalikuwa maji tu. Kama mtu angaliyaleta bila kueleza yalikotoka, Daudi angaliyanywa yote na kujifuta midomo. Ni habari ya safari ile iliyoyafanya kuwa mazito mkononi mwake. Sisi wa Kilimanjaro twajua maji ya mfongo. Twayachota, twanywesha migomba, wala hatuulizi ni nani aliyeuchimba mfongo ule ubavuni mwa korongo. Na amani ya nchi twainywa vivyo hivyo.

Vita vilivyoanza mwaka 1914 vilifika mlangoni petu. Februari 1916 palipiganwa penye kilima cha Salaita karibu na Taveta. Machi wakapigana juu ya vilima vya Latema na Reata, na katikati ya mwezi ule Waingereza wakaingia Moshi. Toka hapo vita vikashuka kusini, wala havikukoma mpaka Novemba 1918. Watu weusi walipigana na watu weusi kwa ugomvi ulioanzia Ulaya. Na nyuma ya askari walikuwako wapagazi. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, basi unga na risasi vikapanda kichwani mwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake watu wapatao milioni moja walichukuliwa kwa kazi hiyo. Na waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, ni kama 95,000, nao wenye kuchunguza husema walizidi. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na chakula wasichokizoea. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam latokana na jina la kikosi chao, na wanunuzi wapitao sokoni kila siku hawalifikiri.

Hapa twasita kidogo. Je, mtu aliyeshikwa kwa nguvu aweza kuitwa mtoa sadaka? Twaona neno hilo lisisemwe upesi. Watatu wa Daudi walikwenda kwa hiari; wapagazi wengi walikwenda kwa kulazimishwa. Lakini deni ni la yule anywaye, wala halipungui kwa sababu aliyeleta maji hakuulizwa. Labda lazidi.

Huko Taveta yako makaburi ya vita yenye mawe yaliyoandikwa vizuri. Tena, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama katika dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, na mamia miongoni mwao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Hao hawana kaburi ila bahari, lakini wana ukumbusho katika makaburi ya vita kule Nairobi. Wapagazi walikufa katika nchi kavu, kando ya njia ambazo watu wangali wakizipita, na walio wengi hawana jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hili mbele ya watu wote, ikaomba radhi. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

Rudini sasa katika sura ile ile, msome mpaka mwisho. Wale watatu walioleta maji hawatajwi majina katika habari yao. Lakini baadaye yafuata majina ya mashujaa, moja moja, na jina la mwisho kabisa ni Uria Mhiti. Mwajua ni nani. Ndiye ambaye Daudi huyu huyu alimweka mbele penye vita vikali ili afe, apate kumtwaa mkewe. Yeye aliyeona damu ndani ya maji hakuiona damu ya Uria. Hata hivyo jina halikufutwa. Mwandishi aliliacha mahali pake, nasi twamshukuru, maana lingaliweza kuachwa kwa heshima ya mfalme.

Basi twaomba kila mwalimu azungukie nyumba za kijiji chake kabla ya mwisho wa mwaka, aulize: Ni nani wa ukoo huu aliyekwenda vitani asirudi, awe askari au mpagazi, katika vita vya 1914, au vya 1939, au vya Kagera mwaka 1978 na 1979? Jina liandikwe katika kitabu cha usharika, pamoja na jina la baba yake na la kijiji. Likiwa limesahauliwa, iandikwe hivyo pia, na nafasi iachwe wazi.