Mwenye Gari na Gari Lake

Watu waulizwapo maana ya kumiliki kitu, aghalabu hujibu kwa lugha ya mahakama. Husema kuwa mwenye kitu ni yule aliyekinunua au aliyekirithi, aliye na hati yenye jina lake, na awezaye kumkataza mwingine asikiguse. Jibu hili lamtosha hakimu. Lakini Aristotle, katika kitabu chake juu ya ufasaha wa kusema, alikwisha kuona kuwa utajiri umo zaidi katika kuvitumia vitu kuliko katika kuwa navyo tu. Na tangu zama zake swali halijafungwa. Mtu aliye na kitu asichokitumia ana nini hasa? Na yule akitumiaye hata kikaisha, je, ndiye mwenye kitu zaidi kuliko wote, au ni mharibifu mwenye hati?

Swali la namna hii likiachwa hewani hupotea kama moshi. Lafaa lifungiwe katika kitu chenye uzito, na hapana shaka kuwa kimoja kinacholifungia vizuri ni gari la Kimarekani la zamani, refu na zito, liitwalo stesheni wagoni: gari la jamaa nzima ambalo paa lake laenda moja kwa moja hadi nyuma, ambalo katika miaka ya 1940 lilikuwa na ubavu wa mbao za kweli, na katika miaka ya 1960 ubavu wa mbao za uongo. Wapo watu Marekani hata leo walitunzao gari hilo kwa mapenzi ambayo wengine hawawapi ndugu zao. Kuwacheka ni rahisi. Kuwafahamu kuna faida zaidi, maana katika karakana zao maswali ya wanafalsafa hujibiwa kwa randa, patasi na gundi.

Asili ya gari hili ni ya utumishi. Jina lake latokana na magari yaliyokuwa yakingoja abiria kwenye stesheni za reli, yakawachukua pamoja na masanduku yao hadi hotelini au katika nyumba za matajiri mashambani. Kwanza yalikokotwa na farasi. Kisha maseremala wakaunda mabodi ya mbao juu ya chesisi za magari ya injini. Mwaka 1929 Ford ilitia gari la namna hiyo katika orodha ya magari yake ya Model A. Kampuni hiyo ilikuwa na misitu yake na viwanda vya mbao mahali paitwapo Iron Mountain, katika jimbo la Michigan. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mahali hapo hapo paliundwa ndege zisizo na injini, zaidi ya 4,000, za kuchukulia askari. Si kwa ajili ya uzuri kwamba gari lilifanywa la mbao. Bati la chuma lataka mashine kubwa za kulikandamiza na kalibu za gharama nyingi, na gari ambalo halikuuzwa kwa wingi halikustahili gharama hiyo. Seremala alikuwa rahisi kuliko kalibu. Uzuri ulikuja wenyewe, kama ujavyo mara nyingi katika kazi zilizofanywa kwa haja.

Pamoja na uzuri ilikuja taabu. Mbao huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu; jua hupasua vanishi, mvua hupenya katika maungio, na pale maji yanapotuama ukungu huanza kula. Mwenye gari hilo hakuwa na budi kulikwangua na kulipaka vanishi upya karibu kila mwaka, kukaza skrubu zilizolegea, na kusikiliza kila mlio wa fremu kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Mtu wa pwani aliyepata kuona jahazi likipandishwa mchangani, likikwanguliwa, likitiwa kalafati na kupakwa sifa, angeifahamu kazi hii bila ya kuelezwa.

Tena jahazi ndilo laleta swali gumu. Plutarch ameandika kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakahitilafiana: wengine walisema ni merikebu ile ile, wengine kuwa si yenyewe tena. Katika karne ya 17 Hobbes alilikoroga swali zaidi. Chukulia, alisema, kuwa mtu mmoja aliziokota mbao zote za kale zilipotupwa, akaziunganisha upya kwa utaratibu wake wa kwanza. Ipi sasa ni merikebu ya Theseus? Kwa wanafunzi wengi hili ni fumbo la darasani. Kwa mtu mwenye gari la mbao la mwaka 1940 ni shughuli ya Jumamosi. Nguzo ya mlango wa nyuma imeoza. Ameichonga mpya kwa kuifuatisha ile ya zamani. Mwaka ujao atachonga nyingine. Baada ya miaka 20 huenda asibaki na mti wowote uliotoka kiwandani, naye ataendelea kusema "gari langu la mwaka 1940," na majirani hawatambishia.

Je, asema uongo? Sheria hutazama namba iliyopigwa katika chuma cha chesisi, ikanyamaza. Lakini mwenye gari hana mapenzi na namba. Akiulizwa, yaelekea atasema kuwa gari limezidi kuwa lake kwa kila ubao alioubadili kwa mkono wake, na hapo Locke angemwunga mkono kwa kiasi fulani, kwa kuwa alifundisha kuwa mtu hukifanya kitu kuwa chake kwa kukichanganya na kazi yake. Ingawa Locke alisema hayo juu ya vitu visivyokuwa bado na mwenyewe, kama tunda la mwituni, wala si juu ya mali yenye hati. Hata hivyo neno hili lina ukweli ambao hati haina. Yule aliyelinunua gari limekwisha kutengenezwa analo gari zima. Yule aliyelitengeneza anajua ni ungio gani linalopitisha maji, na kwa nini. Ujuzi huo hauwezi kuuzwa pamoja na ufunguo.

Likafuata jambo la bei, ambalo limewapoteza wengi. Mwaka 1946 Willys ilitoa stesheni wagoni ya bati tupu, na mwaka 1949 Plymouth ikafanya vivyo hivyo. Kwa muda mfupi magari ya mbao yakawa vitu vya kuonewa haya, yaliyooza milango, yasiyotakiwa na mtu mwenye heshima zake. Vijana wa California waliocheza na mawimbi ya bahari waliyanunua kwa fedha kidogo, maana yalikuwa marefu ya kutosha kuchukua mbao zao za kutelezea, na usiku mtu aliweza kulala ndani. Chumvi iliyaumiza, mchanga ulijaa katika maungio, na hakuna aliyejali. Leo gari la namna ile ile, likiwa limetengenezwa vyema, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na wapo walionunuao na kuliweka katika chumba chenye hewa iliyopimwa, chini ya shuka, lisiguswe na jua wala mvua wala mtoto.

Nani kati ya hawa alikuwa na gari zaidi? Moyo wa msomi huelekea upande wa kijana wa pwani, naye huenda akastahili. Hakuwa na hofu. Kitu kisichokuwa na thamani sokoni kilimwacha huru kukifurahia chote. Lakini haki yadai neno jingine. Laiti wote wangekuwa kama yeye, leo pasingebaki hata gari moja la kubishania, na furaha yake, kwa namna fulani, ilikuwa furaha ya mtu alaye mbegu. Aliyelifunga gari chini ya shuka amewatunzia wengine watakaokuja. Kosa lake ni dogo ila ni la ndani: akilitazama gari huona bei yake, na sanduku la dhahabu lingemridhisha sawasawa. Huyu ana bei. Gari amelihifadhi tu kwa niaba ya mtu asiyemjua.

Yafaa kusimama kidogo pia penye mbao za uongo, maana hapo dhamiri ya wapenzi wa ukweli hupata mtihani. Ford Country Squire ilianza mwaka 1950 ikiwa na mbao za kweli. Tangu mwaka 1952 ubavu wake ulikuwa bati lililobandikwa utando wenye picha ya mbao, na baada ya muda hata mihimili iliyouzunguka utando huo ikawa ya faibaglasi. Buick ilikuwa ya mwisho Marekani kuuza stesheni wagoni yenye mbao za kweli, mwaka 1953. Picha ile ya mbao, hata hivyo, iliendelea kubandikwa kwenye Country Squire hadi mwaka 1991, muda wa miaka karibu 40 baada ya kitu chenyewe kutoweka.

Mtu mkali angesema kuwa kufurahia picha ya mbao ni kufurahia uongo. Lakini uongo wahitaji mtu wa kudanganywa, na hapakuwa na baba mmoja katika nchi ile aliyegonga ubavu wa gari lake kwa kidole akashangaa kusikia mlio wa bati. Kila mtu alijua. Picha ilikuwa kumbukumbu ya gari la nyumba kubwa za mashambani, iliyobandikwa kwenye gari la mfanyakazi wa mjini. Ina kichekesho, nayo ina huzuni kidogo, ila haina hila. La ajabu zaidi ni kuwa leo mtengenezaji mwaminifu wa gari la mwaka 1961 hutafuta utando wa plastiki wenye picha ile ile ya mbao. Akitia mbao za kweli, ataambiwa kuwa ameliharibu. Kumbe ukweli wa kitu si ule wa mti au bati. Ni kufuatana na maisha kiliyoyaishi.

Maisha hayo yalikuwa ya jamaa. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 iliamuru mtandao wa maili 41,000, na watu wakaingia safarini wakati wa likizo na watoto, mbwa na mahema. Baadhi ya magari yalikuwa na kiti cha tatu kilichotazama nyuma, hata watoto waliokikalia waliijua nchi yao kwa njia ya barabara inayoondoka, si inayokuja. Oldsmobile Vista Cruiser, mwaka 1964, ilifungua kioo katika paa. Kutoka mwaka 1971 magari makubwa ya General Motors yalikuwa na mlango wa nyuma uliozama chini ya sakafu na kioo kilichopanda darini, mtambo wa ajabu uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mikoba ya sokoni.

Basi achukuliwe mtu wa Ohio aliyerithi kwa babaye Country Squire ya mwaka 1961. Kiti cha nyuma kimechanika pale dada yake alipokikwaruza kwa buti; sakafuni pana doa la rangi lisilotoka. Akikishona kiti na kulifuta doa, atakuwa na gari kama lilivyotoka kiwandani, yaani gari ambalo baba yake alilijua kwa juma moja tu. Akiliacha, litaendelea kuharibika mbele ya macho yake. Hatia yake ni kubwa kuliko ile ya merikebu ya Theseus, kwa kuwa huko ubao mpya ulichukua mahali pa ubao uliooza, ila hapa kitambaa kipya kitachukua mahali pa ushahidi.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Ana wajukuu, naye ataka wapande gari kama yeye alivyopanda: wamelala nyuma juu ya mablanketi, wakitazama nyaya za simu zikipita. Gari lile lilitoka kiwandani bila mikanda ya usalama; serikali ya Marekani haikulazimisha mikanda katika magari mapya hadi mwaka 1968, na mwaka 1972 barabara za nchi hiyo ziliua watu zaidi ya 54,000. Utamu wa kumbukumbu yake una deni ambalo wengine walililipa. Injini yake yenye silinda 8 na lita 6.4 nayo hunywa petroli, aghalabu karibu lita 20 kwa kilomita 100, na uzuiaji wa mafuta wa mwaka 1973 uliwaonyesha Wamarekani kuwa starehe hiyo ilikuwa na mwisho. Gari dogo la sanduku lililotolewa na Chrysler tangu mwaka 1983 liliwachukua wateja, na mwaka 1996 stesheni wagoni kubwa za General Motors, zilizokuwa za mwisho wa jinsi yake, ziliacha kuundwa.

Kuhusu petroli, aweza kujitetea kuwa gari liendalo mara chache kwa mwaka lachoma kidogo, na utetezi huo wakubalika. Kuhusu watoto hana utetezi. Mtu aweza kuhatarisha mali yake kwa ajili ya furaha yake. Shingo ya mtoto haimo katika hati ya gari. Wako wanaotoboa sakafu na kufunga mikanda, ingawa wajua kuwa katika maonyesho waamuzi hutafuta kitu cha asili, na tundu lililotobolewa katika chuma cha mwaka 1961 halizibiki. Yule wa Ohio akifanya hivyo, huenda asipate zawadi. Atawafunga wajukuu mikanda, doa la rangi likiwa chini ya miguu yao na kiti kingali kimechanika, kisha atawapeleka ziwani Erie, na njiani watamwuliza kwa nini mbao za gari zina joto kama bati.